Usiuze Deki kwa Stika ya Boksi, Uza kwa TV ya Mteja



Leo naongea na nyie mnaouza vifaa vya umeme mtandaoni: mwenye ukurasa wake Instagram, mwenye kundi la WhatsApp, na yule anayepiga picha mzigo wa watu Kariakoo, anauweka status, akipata oda ndo anakwenda kuuchukua. Mada ni deki. Najua kuna atakayecheka, nani ananunua deki siku hizi wakati kila mtu ana bando? Wananunua. Kuna mama ana DVD za harusi za wanawe watatu kabatini. Kuna shule ya chekechea ina CD za nyimbo za watoto. Mwalimu wa madrasa ana mawaidha yake, mwanakwaya ana albamu za kwaya yake. Yupo wa kijijini ambako mtandao unashika ukipanda juu ya kichuguu. Na yupo mpenzi wa filamu anayetaka picha safi kuliko ile ambayo intaneti ya kwake inaweza kumletea.

Hawa karibu wote wanakuja inboksi na maneno yaleyale: "Nimenunua TV mpya ya 4K, nataka deki inayoendana nayo."

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Muuzaji anayejibu ujumbe huo kwa kutuma picha ya deki yenye stika kubwa ya 4K anajiharibia biashara mwenyewe. Deki inachaguliwa kwa vitu vitatu: CD alizonazo mteja, matundu ya TV yake, na hela yake. Stika haimo. Na kwa wateja wengi, jibu la kweli ni deki ya bei ndogo kuliko ile waliyokuja kununua. Mwambie hivyo, hata kama faida yako siku hiyo inapungua.

Nieleze kwa nini.

HESABU KWANZA

Picha ya TV imejengwa kwa vitone. DVD ya mfumo wa PAL, ambao ndio wa kwetu, ina vitone 720 kwa mlalo na 576 kwa wima. Zidisha unapata 414,720. TV ya Full HD ina 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Hiyo ni mara tano ya DVD. TV ya 4K ina 3840 kwa 2160, yaani 8,294,400. Hiyo ni mara 20.

Sasa mteja akiweka DVD ya harusi kwenye TV ya 4K, kitone kimoja kilichorekodiwa kinatakiwa kijaze nafasi ya vitone 20. Vile vingine 19 vinatoka wapi? Vinakisiwa. Mashine inaangalia kitone cha jirani na cha jirani yake, inajaza katikati. Kazi hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye boksi "4K Upscaling" au "1080p Upscaling". Ni kukuza picha tu, kama vile unavyochukua picha ya paspoti ukaipeleka kwa mtu wa mabango akakuchapia bango la barabarani. Bango litakuwa kubwa kweli, lakini kope ambazo hazikuonekana kwenye paspoti hazitaonekana kwenye bango.

Kwa hiyo stika haisemi uongo. Deki inatoa kweli picha ya ukubwa wa 4K. Ila mteja anasoma "4K" anaelewa "picha safi ya 4K", na wewe muuzaji unajua anaelewa hivyo. Ukinyamaza, umeshiriki.

Na kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: TV ya 4K yenyewe inakuza kila picha inayoingia. Lazima ifanye hivyo, la sivyo DVD ingeonekana kidude kidogo katikati ya kioo. Maana yake mteja anayeongeza hela nyingi kwa deki ya DVD yenye stika ya 4K analipia kazi ambayo TV yake inaifanya tayari. Wakati mwingine TV inaifanya vizuri kuliko deki.

MASWALI MANNE KABLA YA BEI

Mteja akiuliza "bei gani", mjibu bei, usimfiche. Lakini kwenye ujumbe huohuo muulize haya manne.

1. CD zako ni za aina gani?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na ndilo halipendi kuulizwa. Kwa lugha ya mtaani kila kitu cha duara ni "CD", kumbe ndani yake kuna VCD, DVD, Blu-ray na Ultra HD Blu-ray. VCD ya PAL ina vitone 352 kwa 288 tu, hata DVD ni tajiri mbele yake. Na zile DVD za mtaani zenye filamu kumi na kitu kwenye CD moja, picha zake zimebanwa mno ili zienee. Hakuna deki duniani itakayozisafisha.

Mwambie mteja apige picha majalada mawili matatu. Blu-ray ina jalada la buluu na jina lake limeandikwa. Ultra HD Blu-ray jalada lake mara nyingi ni jeusi, na imeandikwa 4K Ultra HD. Akikutumia picha za DVD tupu, umeshapata jibu: anahitaji deki ya DVD nzuri yenye HDMI, basi.

2. Nyuma ya TV yako kuna matundu gani?

Omba picha ya mgongo wa TV. Usikubali "ni ya kisasa". TV nyingi mpya hazina tena yale matundu matatu ya njano, nyeupe na nyekundu. Nyingine zina kitundu kimoja kidogo kama cha earphone, kinachotaka waya wake maalumu. Ukimpelekea deki ya AV tupu mtu mwenye TV ya HDMI tupu, mzigo unarudi kesho yake.

Na kama TV ina yote mawili, mwambie atumie HDMI. Ule waya wa njano unabeba picha yote, mwanga na rangi, imechanganywa kwenye uzi mmoja, ndiyo maana nyekundu inamwagikia pembeni na maandishi yanatetemeka. Tena hauwezi kupitisha picha ya HD kabisa. DVD ileile, deki ileile, ukihama kutoka waya wa njano kwenda HDMI tofauti inaonekana bila miwani. Hapa ndipo hela ya mteja inafanya kazi kweli, na mara nyingi ni bei ya waya tu.

Halafu kuna vile viboksi vya kugeuza AV kuwa HDMI. Viuze kwa jina lake halisi: vinabadilisha tundu, ubora unabaki wa waya wa njano.

3. TV ni inchi ngapi, na unakaa mbali kiasi gani?

Mtu mwenye TV ya inchi 32 ya HD Ready, ambayo kwa kawaida ina vitone 1366 kwa 768, na kochi lake lipo mita tatu kutoka ukutani, macho yake hayataona faida kubwa ya kupanda daraja. Mwenye inchi 65 anayekaa mita mbili ataona kila kitu, mazuri na mabaya. Huyo wa pili ndiye wa kumweleza mapema kwamba DVD zake za zamani zitaonekana na ukungu kuliko zilivyokuwa kwenye TV ya chogo. Zamani kioo kilikuwa kidogo na kilificha aibu. Usipomwambia kabla, atakuja kukwambia yeye: "Umeniuzia deki mbovu."

4. Nyumbani una PlayStation au Xbox?

Swali hili linaweza kukunyima mauzo, uliza hivyohivyo. PS3 na PS4 zinasoma DVD na Blu-ray. PS5 yenye mdomo wa CD inasoma hadi Ultra HD Blu-ray. Xbox One S, One X na Series X nazo zinasoma. Ila PS4, hata ile PS4 Pro, haisomi Ultra HD Blu-ray, na hapo wengi wanachanganya kwa sababu Pro inajulikana kama mashine ya 4K. Mteja akigundua mwenyewe kwamba ile mashine ya mtoto ingetosha, wakati wewe umeshakula hela yake, usitegemee akurudie.

SASA NANI AUZIWE NINI

Nagawa wateja mafungu matatu.

Fungu la kwanza, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni wenye DVD na VCD tu. Wape deki ya DVD yenye HDMI. Usiwapandishe. Haijalishi TV ni ya 4K au ya inchi 75.

Fungu la pili ni wenye DVD lakini wameanza kununua Blu-ray, au ndugu wanawatumia kutoka nje. Hawa wape deki ya Blu-ray. Blu-ray ina picha ya 1920 kwa 1080 iliyorekodiwa hivyo, haijakisiwa, na kwenye TV ya Full HD inaingia kitone kwa kitone. Kwenye TV ya 4K bado inapendeza sana, kwa sababu kitone kimoja kinakuza vinne tu, siyo 20. Deki hiyohiyo inasoma DVD zao za zamani. Kinyume chake hakiwezekani: deki ya DVD haisomi Blu-ray hata uipige makofi, kwa sababu DVD inasomwa kwa mwanga mwekundu na Blu-ray kwa mwanga wa buluu.

Fungu la tatu ni wachache: mwenye TV kubwa ya 4K, mwenye CD za Ultra HD Blu-ray mkononi au uhakika wa kuzipata. Huyu ndiye anayehitaji deki ya Ultra HD Blu-ray. Na hapa ndipo mtego mkubwa wa biashara hii ulipo. Deki ya Blu-ray iliyoandikwa "4K Upscaling" SIYO deki ya Ultra HD Blu-ray. Ya kwanza inakuza picha ya Full HD. Ya pili inasoma CD yenye 4K yenyewe. Bei zake hazifanani na stika zinafanana. Kabla hujaposti, tafuta nembo ya Ultra HD Blu-ray mbele ya mashine. Haipo? Usiandike kwenye posti kwamba inasoma CD za 4K.

Fungu hili la tatu lina sharti lingine. Tundu la HDMI la TV lazima likubali kinga ya HDCP 2.2. TV za 4K za mwanzo nyingine hazina, na nyingine zinayo kwenye tundu moja tu kati ya matatu. Tundu likiwa halina, picha inashushwa au haitoki kabisa. Waya nao uwe wa kubeba 4K. Mwambie mteja aingie pia kwenye menyu ya TV, kwa sababu TV nyingi zinakuja na uwezo kamili wa HDMI umezimwa, mpaka uuwashe mwenyewe.

VITU VIDOGO VINAVYORUDISHA MZIGO

Hivi navipitia haraka, lakini kila kimoja kina boda wa kwenda na kurudi ndani yake.

Umeme. Deki za mtumba kutoka Marekani nyingine ni za volti 120 tu. Kwetu ni 230. Soma mgongoni. Ikiwa 100–240, sawa. Ikiwa 120 peke yake, bila transfoma itaungua siku ya kwanza.

Kanda. DVD za kuuzwa zina namba za kanda. Marekani ni 1, Uingereza na Dubai ni 2, Tanzania na Kenya ni 5. Deki nyingi za bei nafuu zinasoma kanda zote, lakini za kampuni kubwa zilizotoka nje zinaweza kukataa. Kwa Blu-ray, Afrika na Ulaya tuko B, Marekani ni A. Ultra HD Blu-ray haina kanda. Na deki ya Marekani inaweza kukataa DVD ya PAL, yaani ile ya harusi ya mama.

Umbo la picha. Deki nyingi zinatoka kiwandani zimewekwa 4:3. Mteja anaona watu wamenenepa au pembeni kuna weusi. Mwelekeze aweke 16:9 kwenye menyu. Dakika moja ya ujumbe wa sauti inaokoa siku nzima.

Flashi. Wateja wengi wakisema deki wanamaanisha "nataka pia ichomeke flashi". Deki nyingi za DVD zinataka flashi ya FAT32, ambayo haibebi faili moja linalozidi GB 4, na faili nyingi za HD hazizisomi. Kama TV yake ina USB, mwambie flashi achomeke kwenye TV, deki aiachie CD.

"MIMI KAZI YANGU KUUZA, SIYO KUFUNDISHA"

Najua kuna mdau keshaanza kuandika hivyo. Na ana hoja. Anasema mteja mwenyewe kataka ya 4K, hela anayo, nisipomuuzia mimi atanunua kwa jirani. Maswali manne yanachelewesha, na mteja wa mtandaoni ukimchelewesha dakika kumi kashahamia ukurasa mwingine.

Ni kweli wapo watakaohama. Lakini tupige hesabu. Tuseme faida yako kwenye deki moja ni shilingi 15,000. Mteja yuko Mbagala, boda kwenda 6,000. Anafungua boksi, haioni tofauti aliyoitegemea, anataka arudishe. Boda kurudi 6,000. Faida imebaki 3,000, na sasa una deki iliyofunguliwa ambayo huwezi kuiuza kama mpya. Punguza 10,000 ili itoke. Upo chini kwa 7,000, na hujahesabu muda wako, wala maneno atakayoandika kwenye posti yako mbele ya wateja wengine. Akiwa Mwanza au Mbeya na mzigo ulikwenda kwa basi, usiniulize.

Duka la mtaani lina kinga ambayo sisi hatuna. Mteja wa dukani anaiona mashine inawaka mbele yake. Wa kwako anaona picha na maneno yako tu. Ukiandika "deki ya 4K, picha safi kabisa", hayo maneno ndiyo alichonunua. Na tusisahau Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Picha ya posti yako inabaki kwenye simu yake hata ukiifuta.

Kuna faida nyingine isiyoonekana haraka. Mteja uliyemwambia "hiyo ya bei kubwa huihitaji, chukua hii" anabaki na hela mkononi. Muuzie waya mzuri wa HDMI. Muuzie kinga ya umeme. Akitaka spika mwezi ujao, jina lake litakalomjia ni la nani? Mteja wa hivyo ndiye anayekuletea dada yake na shemeji yake bila tangazo la kulipia.

USIJAZE STOO

Neno la mwisho kwa wenye mtaji mdogo. Deki bado zinauzika, ila soko lake haliongezeki. OPPO, waliosifika kwa deki za daraja la juu, waliacha kuzitengeneza mwaka 2018. Samsung walitangaza mwaka 2019 kwamba hawaleti tena deki mpya za Blu-ray Marekani. Netflix, walioanza kwa kukodisha DVD kwa posta, waliifunga huduma hiyo Septemba 2023. Kwa hiyo deki ya DVD ya bei nafuu weka chache mkononi. Za Blu-ray, moja au mbili. Za Ultra HD, chukua oda na malipo ya awali kwanza, ndo ukaufuate mzigo. Hela ya mtaji ikikaa kwenye boksi miezi sita, hiyo siyo biashara, ni kumtunzia mwenye kiwanda mashine zake.

UJUMBE WA KUNAKILI

Huu hapa, uweke kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp yako, badilisha bei na jina:

"Habari ndugu mteja, asante kwa kuulizia deki. Bei zetu zinaanzia ... Ili nikupe inayokufaa na usilipie zaidi, naomba nitumie picha mbili: moja ya nyuma ya TV yako panapochomekwa waya, na moja ya CD zako mbili tatu. Niambie pia TV ni inchi ngapi, na kama nyumbani kuna PlayStation au Xbox. Kumbuka DVD za kawaida kwenye TV ya 4K zitaonekana vizuri kwa HDMI, lakini hazitakuwa na ubora wa 4K kwa deki yoyote. Karibu."

Sentensi ya mwisho usiifute. Ndiyo itakayokutetea siku mteja akirudi, na ndiyo itakayomfanya anayesoma ajue anaongea na mtu anayeielewa bidhaa yake.

Wewe unayeuza deki, mteja akitaka "ya 4K" huwa unamjibuje? Andika hapo chini, na mtumie mwenzako anayeuza vifaa vya umeme naye asome. Biashara njema.